Kigoma-Ujiji kwa mgeni: tathmini ya mwenyeji kuhusu mji wa kale wa Ziwa Tanganyika

Wageni wengi wanaofika Kigoma huwa wameshapangiwa safari kabla hawajapanda ndege au treni: usiku mmoja mjini, boti ya kwenda Gombe kuwaona sokwemtu, kisha, wakiwa njiani kurudi uwanja wa ndege, nusu saa ya kupiga picha kwenye mnara wa Livingstone pale Ujiji. Mimi ni mkazi wa mji huu na hupokea ndugu na marafiki wanaokuja kuutembelea, kwa hiyo nimeona jinsi ratiba ya namna hiyo inavyomnyima mgeni kitu ambacho ni vigumu kukipata kwingine kwenye mwambao wa ziwa hili, yaani mji wa misafara ambao haujageuka magofu, ambao watu wake bado wanauza, wanaswali na wanachonga boti katika mitaa ileile iliyopokea mizigo kutoka Bagamoyo. Maoni yangu ni kwamba safari hiyo ipangwe upya kuanzia mwanzo wake: Ujiji ipewe siku nzima ya kwanza, bandari na masoko ya Kigoma yafuate, na Gombe, ambayo sifa zake zote ni za kweli, iwe ya mwisho.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji ni miji miwili iliyoshikana. Kigoma yenyewe iko kwenye ghuba, ikiwa na stesheni, bandari, benki na ofisi za serikali, na barabara yake kuu inapanda kutoka stesheni kuelekea mlimani. Katikati iko Mwanga, ambako ndiko lilipo soko kubwa na ndiko maisha ya kila siku ya wakazi yanakoonekana zaidi, na mwisho wa safari ya daladala, umbali usiofika kilomita 10 kutoka stesheni, ndipo ilipo Ujiji. Mgeni hahitaji gari la kukodi kwa safari hii. Daladala za Ujiji hupita muda wote wa mchana, nauli yake ni ndogo, na mtu anayekaa dirishani atauona mji ukibadilika polepole kutoka majengo ya ofisi hadi nyumba za baraza zenye miembe na michikichi uani. Bodaboda nazo zipo kila kona, ila nauli ipatanwe kabla ya kupanda, na ni vizuri kumuuliza kwanza mwenye duka au mhudumu wa nyumba ya wageni bei ya kawaida, kwa kuwa mgeni mwenye begi mgongoni hutajiwa bei ya juu.

Makumbusho ya Ujiji yamejengwa karibu na mahali ambapo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta mmisionari Dkt. David Livingstone mwaka 1871. Tarehe iliyozoeleka ni 10 Novemba, ingawa Livingstone mwenyewe alikuwa amepoteza hesabu ya siku katika shajara yake. Pana mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika iliyochongwa juu yake, pana miembe inayosemekana kutokana na vipandikizi vya mwembe wa asili ambao ulikufa zamani, na ndani kuna sanamu mbili zenye kimo cha watu halisi zinazoonyesha walivyosalimiana. Anayetafuta jengo kubwa lenye vioo na maonyesho mengi hatalipata. Thamani ya mahali hapa inategemea sana mazungumzo na mwongozaji, kwa hiyo nashauri mgeni afike asubuhi kabla jua halijawa kali, asiwe na haraka, na awe na maswali yake tayari.

Swali la kwanza ambalo ningependa kila mgeni aulize ni kuhusu watu waliowafikisha Wazungu hao hapa. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, Burton akiwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kutembea na Speke akiwa karibu kupoteza uwezo wa kuona, walikuwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa ametekwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India kabla ya kupata uhuru wake. Miaka 13 baadaye Bombay huyohuyo alikuwamo katika msafara wa Stanley. Aliyetoka mbio kumpokea Stanley nje ya mji alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, na ni Susi pamoja na James Chuma ambao, Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliongoza kundi lililoubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi pwani. Mgeni akiyajua haya, mnara ule hubadilika machoni pake, kwa sababu historia ya Ujiji huacha kuwa habari ya wanaume wawili waliovua kofia na kuwa habari ya njia ndefu iliyotembewa na maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wapagazi na wengi wengine wakiwa watumwa waliofungwa minyororo.

Jambo hilo la watumwa halipaswi kupitwa kwa haraka. Utajiri wa Ujiji katika karne ya 19 ulitokana na pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na wengi kati ya watumwa hao walivushwa ziwa kutoka Manyema, upande wa Kongo, kabla ya kupelekwa Tabora na hatimaye pwani. Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 akitoka Nyangwe, huko Manyema, ambako mwezi Julai alishuhudia watu wakiuawa kwa bunduki sokoni, na alipofika akakuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimekwisha kuuzwa na aliyekabidhiwa kuzitunza. Habari alizoandika kuhusu Nyangwe ziliongeza shinikizo lililochangia kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Wapo Ujiji leo wazee ambao ukoo wao unatoka Manyema, na wapo watakaozungumza kuhusu hilo kwa heshima mgeni akionyesha kwamba amekuja kusikiliza. Anayeketi barazani, akatoa shikamoo yake, akajibu maswali ya ametoka wapi na nani anamfahamu, atapata maelezo ambayo hayamo kwenye kibao chochote. Anayemnyooshea mzee simu usoni kabla ya kusalimia hatapata kitu, na ndivyo inavyostahili.

Wageni hushangaa wanapoona kwamba mnara wa Livingstone, ambao walitarajia kuukuta ufukweni, uko mbali na maji. Chanzo chake ni ziwa lenyewe. Mto Lukuga, ambao ndio pekee unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika kuyapeleka Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani kwa muda mrefu, hivyo maji yakawa yanapanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 1878 yakakivunja kizuizi hicho, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takribani mita 10. Pale ambapo ardhi inateremka kwa upole kama Ujiji, kushuka huko kuliondoa ukingo wa maji kwa umbali mkubwa, ilhali kwenye ghuba ya Kigoma, yenye kina kirefu karibu kabisa na nchi kavu, meli ziliendelea kutia nanga bila shida. Wajerumani walipotafuta mahali pa kumalizia Reli ya Kati waliichagua Kigoma, na reli ilipofika mwaka 1914 biashara ikahamia huko. Ujiji ikabaki na misikiti yake, miembe yake na watu wake. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kuingia katika baadhi ya makazi na mialo, yaani mahali boti za uvuvi zinapotia nanga, kwa hiyo mgeni asishangae kuona nyumba au ukuta uliozungukwa na maji mahali ambapo picha za zamani zinaonyesha mchanga.

Kutoka makumbusho, teremka kwa miguu hadi ziwani. Hapa ndipo ninapowapeleka wageni wangu wote na hapa ndipo wanapokawia kuliko walivyotarajia, kwa sababu mafundi wa boti wa Ujiji bado wanafanya kazi mchangani, chini ya vivuli vya miti, wakitumia zana za mkono. Boti kubwa ya mbao huanza na mkuku mmoja mrefu, ambao ni uti wa chini wa boti, kisha mataruma, yaani mbavu zake, yanasimamishwa pande zote mbili, kisha mbao zinapindwa na kugongewa misumari moja baada ya nyingine. Kazi inayofaa kutazamwa kwa karibu ni ya kukalafati. Fundi anachukua nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta, anazisokota kwa kiganja juu ya paja, anaziweka kwenye upenyo kati ya ubao na ubao, kisha anazigongea kwa patasi butu na nyundo, pigo dogo dogo, mpaka pamba inapotea ndani na ule upenyo unaonekana kama mstari mweusi tu. Akimaliza hatua moja hupitisha ukucha juu ya mstari huo kutafuta mahali palipolegea. Boti zinazotoka hapa ndizo zinazobeba abiria, mihogo, saruji na mafuta kwenda vijiji ambavyo havina barabara. Mafundi hawa hawadai kitu kwa mtu anayetazama, lakini wapo kazini, na picha huombwa kwanza. Kuwanunulia soda ni ustaarabu, ila isiwe kwa namna ya kuwalipa kwa kutazamwa.

Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi, na mavazi ya staha yanamfungulia mgeni milango mingi, hasa mwanamke anayetembea mitaani peke yake. Ijumaa mchana shughuli nyingi husimama kwa muda, kwa hiyo siku hiyo ni bora kufika asubuhi au kusubiri alasiri. Jioni ndiyo saa ya kuzunguka mitaa ya ndani, ambako akina mama hutoa meza zao barazani na kuuza vitumbua, mihogo ya kukaanga, samaki na chai ya tangawizi. Nyumba za zamani hazijahifadhiwa zote kama inavyopasa. Nyingine zimebomolewa na kujengwa upya kwa tofali za saruji, nyingine zinaoza taratibu kwa sababu wenye nyumba hawana uwezo wa kuzikarabati, na hilo linanisikitisha kwa dhati, maana Ujiji ni kituo cha mwisho cha njia ya misafara ambayo Tanzania iliiweka mwaka 2006 katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na vituo vingine. Anayetaka kuiona sura ya zamani ya mitaa hii asiendelee kuahirisha.

Kigoma, ambayo wengi huiita Mwisho wa Reli, inatosha kutembelewa kwa siku moja. Stesheni ni jengo la enzi ya Wajerumani lililo chini kabisa ya barabara kuu, na bado ni stesheni inayofanya kazi, si kumbukumbu. Kupiga picha kwenye maeneo ya reli, bandari na ofisi za serikali kunahitaji ruhusa, na ninashauri mgeni aiombe kwa askari au mfanyakazi aliyepo badala ya kubahatisha. Kigoma pia ilipitiwa na mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara mwaka 1965, alipovuka ziwa usiku wa Aprili kwenda kuunga mkono wapiganaji wa Kongo, na akarudi kwa njia hiyohiyo mwezi Novemba baada ya kushindwa. Hakuna cha kuonwa kuhusu habari hiyo, ila mtu akisimama jioni mahali pa juu mjini na kuitazama milima ya Kongo ng'ambo ya maji, ataelewa kwa nini mji huu mdogo umekuwa mlango wa watu wengi, wafanyabiashara, askari na wakimbizi, kwa muda mrefu namna hii.

Kuhusu meli ya MV Liemba nahitaji kuwa mwangalifu, kwa sababu ndiyo inayowaleta wapenzi wengi wa historia na ndiyo inayowavunja moyo wengi. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa katika maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, ikaletwa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wajerumani walipoona wanashindwa vita katika eneo hili, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito ili zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ikafanya safari za kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, kwa miongo mingi. Kwa miaka kadhaa sasa safari zake zimesimama kwa ajili ya matengenezo makubwa, kwa hiyo asiwepo mtu atakayepanga likizo yake kwa kutegemea ratiba aliyoisoma katika kitabu cha zamani. Ulizia bandarini kwanza, na ikiwa haipo kazini, omba kwa adabu kuelekezwa mahali inapoonekana vizuri kutoka nje ya uzio.

Kama kuna jambo moja ambalo Kigoma inalifanya vizuri kuliko miji yote ninayoifahamu, basi ni samaki. Dagaa wa Kigoma wanauzwa hadi Dar es Salaam na nje ya nchi, na bei yao ni ya juu kuliko ya dagaa wa Mwanza, ila mgeni akisimama mwaloni Kibirizi asubuhi ndipo atakapoelewa sababu. Wavuvi huenda ziwani usiku wa giza na taa, zamani karabai na siku hizi nyingi zikiwa za umeme wa jua au betri, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi na boti nyingi hupumzika. Kwa hiyo mtu anayetaka kuona ziwa likimetameta kwa taa za wavuvi aangalie kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Asubuhi boti hurudi, dagaa hupimwa kwa beseni, na akina mama huwatandaza kuwaanika.

Namna ya kuanika ndiyo inayotofautisha dagaa mzuri na wa kawaida. Walioanikwa juu ya chanja hukauka pande zote, rangi yao hubaki ya fedha inayong'aa, na ukimvunja mmoja katikati hukatika kwa sauti bila kuacha unyevu. Walioanikwa chini, juu ya mchanga, huwa na vumbi jembamba ambalo halitoki kwa kuosha mara moja. Njia ambayo akina mama wenyewe hutumia ni kuchukua kiganja kimoja, kukipeta kidogo juu ya kiganja kingine, na kuangalia kilichobaki: ukiona punje za mchanga kwenye mistari ya kiganja, omba mfuko mwingine au patana bei nyingine. Hakuna atakayechukia, maana mnunuzi anayejua huheshimiwa. Wanauzwa kwa kopo, kwa kisado au kwa gunia, na ni vizuri kuthibitisha kopo linalotumika kupimia ni lipi kabla ya kukubaliana.

Hapa liko jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Kuanzia mwaka 2024, kwa makubaliano ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulianza kupumzishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ninaiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa wavuvi wenyewe walikuwa wanalalamika kwamba samaki wanazidi kupungua, lakini mgeni aelewe kwamba miezi hiyo ndiyo ya kiangazi inayopendwa na watalii, na ndiyo ambayo mialo huwa kimya, samaki wabichi huwa adimu na bei ya dagaa waliohifadhiwa hupanda. Anayekuja kwa ajili ya mwalo na vyakula vya ziwa aje Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijakolea.

Chakula cha kuagiza ni mgebuka, samaki wa ziwa hili, ama wa kuchoma ama wa kukaanga kisha kuungwa kwa mawese, pamoja na ugali wa muhogo. Mawese ndiyo mafuta ya mkoa huu, na yana rangi nyekundu, harufu yake mwenyewe na uzito ambao mtu asiyezoea anaweza kuuona mwingi mara ya kwanza. Siyo kila mkahawa unayatumia, kwa kuwa baadhi hudhani mgeni hatayapenda na kumpikia kwa mafuta ya alizeti bila kumuuliza, kwa hiyo sema mapema kwamba unataka ya mawese. Kuhe ni samaki mkubwa mwenye minofu mitamu na akipatikana asikataliwe. Vyakula hivi ninavipendekeza katika migahawa ya mama lishe karibu na soko la Mwanga kuliko katika hoteli, kwa sababu ya kawaida kabisa: kule samaki wa leo huisha leo. Nenda kabla ya saa saba mchana, ulizia kilichopikwa, na nawa mikono kwenye birika kama wengine.

Kuhusu malazi sina mengi. Hoteli zenye mandhari ya ghuba ni chache na bei yake iko juu, nyumba za wageni za Mwanga na Ujiji ni nyingi na za bei nafuu, na tofauti ya kweli kati ya moja na nyingine huwa ni maji, chandarua kisicho na matundu, na umbali kutoka kwenye baa yenye muziki. Omba kukiona chumba na kufungua bomba kabla ya kulipa. Kwa kuogelea, fukwe zilizo upande wa Katonga, ukiwemo ule unaojulikana kama wa Jakobsen, zina maji maangavu na mawe ambayo samaki wadogo wa rangi huonekana kwa macho. Ziwa hili, ambalo kina chake kinafika mita 1,470 na ambalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, lina mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote. Usiogelee mahali ambapo wenyeji hawaogi, na ulizia habari za mamba, hasa karibu na midomo ya mito na penye matete.

Gombe, basi. Mtafiti Jane Goodall alifika huko Julai 1960, na mwaka huohuo alimwona sokwemtu akichokoa mchwa kwa kijiti, jambo lililowalazimisha wanasayansi kufikiri upya kuhusu matumizi ya zana. Ni miongoni mwa hifadhi za taifa ndogo zaidi nchini, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na haina barabara ya kuifikia. Boti za abiria za kwenda vijiji vya kaskazini huondoka Kibirizi kwa kawaida mchana na kurudi alfajiri ya siku inayofuata, kwa hiyo anayezitumia lazima alale hifadhini, ilhali boti ya kukodi humpeleka na kumrudisha siku hiyohiyo kwa gharama kubwa zaidi. Mimi hupendekeza boti ya kukodi kwa kundi la watu wanaochangiana, kwa sharti kwamba kila abiria apate jaketi la kuokolea maisha na alivae, si la kukaliwa. Niliwahi kukataa kupanda boti moja ambayo majaketi yake yalikuwa machache kuliko abiria, na nahodha alipoona kundi zima linashuka aliyapata mengine kwa muda mfupi. Upepo wa kusi katika miezi ya kiangazi huinua mawimbi makubwa alasiri, hivyo safari ya kurudi ianze mapema.

Malipo ya hifadhi hayafanywi kwa fedha taslimu, kwa hiyo maliza utaratibu wa namba ya malipo kupitia ofisi ya hifadhi ukiwa bado mjini ambako benki na mtandao vipo. Watoto wenye umri chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kuwatazama sokwemtu, na mtu mwenye mafua asiende, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua huweza kuwaua. Muda wa kukaa nao ni saa moja, na umbali unaoelekezwa na mwongozaji uheshimiwe hata kama mnyama mwenyewe anasogea. Katika miezi ya mvua sokwemtu hawatembei mbali sana na huweza kupatikana kwa urahisi zaidi, ila njia huteleza na mteremko wa Gombe ni mkali. Kiangazi njia ni kavu na picha hutoka vizuri. Chakula kisionekane mkononi pale ufukweni, kwa sababu nyani wamezoea kupora.

Njia ya kufika mjini inategemea muda alionao mtu. Ndege kutoka Dar es Salaam ndiyo ya haraka. Treni ya reli ya zamani kupitia Tabora huchukua karibu siku mbili, wakati mwingine zaidi, na ninaipendekeza kwa anayeweza kupata nafasi ya daraja la pili la kulala, kwa kuwa inapita katika nchi ileile iliyopitwa na misafara na mtu hufika Kigoma akiwa ameshauelewa ukubwa wa ile safari. Tiketi za kulala huisha mapema. Kwa njia yoyote ile, beba kitambulisho cha taifa au pasipoti muda wote, maana huu ni mkoa wa mpakani na maofisa wa uhamiaji hukagua abiria wa mabasi mara kwa mara. Asiyekuwa nacho hushushwa na kuhojiwa hata kama ni raia, na basi halimsubiri.

Mawese na dagaa vinunuliwe siku ya mwisho, sokoni Mwanga, asubuhi. Mafuta yafungwe katika dumu jipya lenye mfuniko unaokaza, lizungushiwe utepe wa gundi shingoni na kuwekwa ndani ya mfuko wa nailoni, na anayesafiri kwa ndege aulize kwanza masharti ya mizigo ya shirika lake, kwa sababu mengine hukataa mafuta kabisa na mengine hutaka samaki wakavu wafungwe katika boksi lisilotoa harufu. Wauzaji wa sokoni wamezoea kufunga mizigo ya safari na watafanya kazi hiyo vizuri zaidi ya mgeni, wakiambiwa mapema kwamba mzigo unakwenda kwa ndege na si kwa treni.